Ndugu wanakuja London wakati wa baridi? Wapangie hivi

Ndugu wakisema wanakuja London mara nyingi wanakuja Desemba, sababu ndo shule zimefungwa na ndo watu wana likizo, na wewe unayekaa huku unajua Desemba ya huku ikoje lakini wao wameona picha za taa za Oxford Street tu na theluji ya kwenye filamu. Kazi yako sio kuwatisha. Kazi yako ni kupanga safari inayofuata mwanga wa jua na miguu ya yule mkubwa kuliko wote kwenye msafara, kama ni bibi basi miguu ya bibi. Ukifuata ile orodha ya sehemu 22 aliyotuma binamu kwenye grupu la WhatsApp, siku ya tatu watu wameshaanza kununiana.

Tarehe

Hapa ndo pa kuanzia maana tarehe zinabadilisha kila kitu. Karibu na tarehe 21 Desemba jua la London linachomoza saa mbili na dakika chache asubuhi na linazama kabla ya saa kumi jioni, yaani mna kama saa nane za mwanga, na hapo mawingu bado hujayatoa. Mwisho wa Januari linazama saa kumi na moja kasorobo hivi, mwisho wa Februari saa kumi na moja na nusu imeshapita. Joto lenyewe sio la kuogopesha, mchana wa Januari unacheza kwenye nyuzi 8, usiku 2 au 3, na theluji ni ya kubahatisha. Ila baridi ya London ina unyevu na upepo, nyuzi 5 za hapa zinaingia hadi kwenye mifupa. Waambie watoto mapema kuhusu theluji, wasije na matumaini ambayo huwezi kuyatimiza.

Halafu kuna Krismasi yenyewe. Tarehe 25 Desemba hakuna treni za chini ya ardhi, hakuna mabasi ya mjini, treni za kawaida hakuna, na tarehe 26 usafiri ni wa kusuasua. Mgeni asitue Heathrow tarehe 25, labda kama una gari au uko tayari kulipa teksi kwa bei ya sikukuu, na hata kama hatui siku hiyo lazima ujue mapema mtakuwa nyumba gani, maana kama nusu ya familia iko hotelini Stratford na nusu iko kwako Croydon basi hamuonani Krismasi. Makumbusho mengi makubwa nayo yanafungwa tarehe 24 hadi 26.

Mimi nikiulizwa nasema wenye watoto wa shule waje mwanzoni mwa Desemba, taa zimeshawashwa mitaani na bei bado hazijapaa sana, na wasio na watoto waje katikati ya Januari, hoteli zinakuwa na nafasi na foleni zimepungua. Wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya ni ya wale wanaotaka kukaa ndani na familia, sio ya kutalii.

Viza, kwa ufupi

Paspoti ya Tanzania, Kenya au Uganda inahitaji viza ya matembezi, inaombwa onlaini kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, kisha mtu anaenda kituo cha viza kuchukuliwa alama za vidole na picha. Fomu inaweza kutumwa mapema kabisa miezi 3 kabla ya safari, na kwa kawaida jibu linatoka ndani ya wiki 3 baada ya alama za vidole, kwa hiyo anayetaka kuja Desemba Septemba ndo mwezi wake, sio Novemba. Viza ya kawaida inampa mtu ruhusa ya kukaa hadi miezi 6, na kuna za miaka 2, 5 na 10 (kila akija haruhusiwi kuzidisha miezi 6), ni ghali zaidi ila kwa mama ambaye atakuja tena wajukuu wakizaliwa inafaa kuifikiria.

Wewe unaandika barua ya mwaliko: wewe ni nani kwake, unaishi Uingereza kwa hadhi gani, atakaa wapi tarehe gani hadi gani, nani analipa nini. Weka ushahidi wa makazi yako, na kama unalipa wewe weka na stetimenti za benki. Ila barua yako haibebi ombi zima, wanachoangalia sana ni kama mgeni ana cha kumrudisha nyumbani, kwa hiyo barua ya likizo kutoka kazini, biashara, shamba, watoto waliobaki, hivo ndo vya kuwekea nguvu. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili itafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayeweka sahihi na mawasiliano yake. Na hela isiingizwe ghafla kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba ili salio lionekane nono, hiyo wanaishtukia haraka mno. Viza ya matembezi ikikataliwa hakuna rufaa, unaomba upya na kulipa upya. Ndo maana hamkati tiketi isiyorudishwa hela wala hamlipii hoteli isiyofutika kabla jibu la viza halijatoka.

Wakae wapi

Hapa ndo penye kazi, na inaanza na mazungumzo kabla ya kufungua apu yoyote. Kwetu ndugu haambiwi nenda hoteli, inaonekana umemfukuza, na huku unakaa flati ya chumba kimoja yenye sebule ambayo ukitandika godoro mlango haufunguki. Usikae kimya ukitegemea watajiongeza. Andika ujumbe wa heshima mapema, kwa mfano: "Shikamoo mama mdogo, nimefurahi sana mnakuja. Wewe utalala kwangu chumbani, mimi nitalala sebuleni. Kaka, shemeji na watoto nawatafutia sehemu ya karibu, kila asubuhi wanakuja kwangu tunakunywa chai pamoja. Nikipata yenye bei nzuri nitakutumia uione kabla hatujalipa." Mkubwa amekaa kwako heshima imebaki, waliobaki wana nafasi ya kupumua, na mambo ya hela yameletwa mezani bila kumvunjia mtu heshima. Kama umepanga, angalia mkataba wako unasemaje kuhusu wageni wa wiki kadhaa, na mwenye nyumba apewe taarifa.

Sasa wale wa hoteli. Watu wanahangaika kutafuta "katikati ya London" wakati baridi inataka kitu kingine, inataka umbali mfupi kati ya mlango wa hoteli na mlango wa stesheni, maana dakika 15 za kutembea ambazo Julai ni raha, Januari usiku na mvua ya pembeni na mtoto amelala begani ni adhabu. Mimi natafuta dakika 5, zikizidi sana 7, na napima kwenye ramani mwenyewe siamini maelezo ya hoteli. Stesheni nazo sio zote sawa, nyingi za zamani zina ngazi nyingi na hazina lifti. Laini ya treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa 2022, stesheni zake zote 41 mtu anaweza kutoka barabarani hadi jukwaani bila ngazi, inapita Heathrow, Paddington, Liverpool Street, Whitechapel, inaenda Stratford na Ilford upande mmoja na Woolwich upande mwingine. Kwa familia yenye masanduku na mzee wa magoti, hoteli iliyo kwenye laini hii nje kidogo ya katikati inaishinda hoteli ya katikati iliyo juu ya ngazi 60. Stratford naipenda kwa baridi sababu duka kubwa la Westfield liko pale pale stesheni, siku ya mvua watoto wanazunguka ndani na hakuna anayelia.

Angalia pia yale mahoteli madogo ya Paddington, Bayswater na Earl's Court. Bei yake inavutia na jina la mtaa linavutia, lakini mengi ni nyumba za kizamani ndefu nyembamba, lifti hakuna au ni ya kubeba mtu na begi lake tu, chumba ukifungua sanduku mwenzio inabidi apande kitandani. Tuma ujumbe uliza: lifti ipo? inafika ghorofa gani? bafu ni la kuingia moja kwa moja au ni lile la kuvuka ukingo? Mtu wa miaka 70 kuvuka ukingo wa bafu lenye maji ya sabuni sio jambo la kufanyia majaribio ugenini.

Apatimenti inafaa kwa watu wanne kwenda juu, mnapika, mnafua, mnakaa pamoja jioni, na jioni za huku ni ndefu balaa. Ila kwa wakati wa baridi soma maoni ya wageni waliokaa Desemba, Januari na Februari tu, achana na ya Agosti. Ya Agosti yatakwambia mwanga mzuri na mtaa mtulivu, ya Januari yatakwambia redieta haikuwaka siku mbili na dirisha linapitisha upepo. Uliza joto linawashwa na nani, mgeni au mwenye nyumba kwa mbali, na kama usiku linazimwa. Uliza kama kuna mashine ya kukausha nguo, la sivyo majinzi yatakaa kwenye kamba siku tatu na chumba kinukie ukungu. Na ujue kwamba London nyumba nzima haitakiwi kupangishwa kwa muda mfupi zaidi ya siku 90 kwa mwaka bila kibali, kwa hiyo mtu akikuomba mlipane nje ya apu ili "iwe rahisi" kimbia, hela ikipotea huna pa kushika. Chumba cha watu wawili pia kisiingizwe watu watano kimyakimya, mkikamatwa mapokezi saa tano usiku na watoto mtalipa chumba cha pili kwa bei ya saa hiyo.

Jambo dogo lakini linasumbua wageni wote: vyooni hakuna mpira wa maji. Nunua kopo mapema uweke, usisubiri waulize.

Wanaolala kwako nao wana mambo yao. Godoro la upepo linapitisha baridi kutoka chini, tandika blanketi zito chini ya shuka sio juu tu ya mtu. Waonyeshe jinsi ya kuwasha na kuzima hita na uwaambie bila aibu kwamba ina bili, wengine watafungua dirisha hita ikiwa inawaka sababu wamezoea hewa. Kigunduzi cha gesi ya kaboni monoksidi kikaguliwe kabla hawajafika, na jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama shemeji ana hamu ya nyama choma namna gani, gesi hiyo hiyo ya mkaa inaua watu wamelala.

Nguo

Usiwaache wanunue nyumbani makoti ya bei mbaya. Mengi ya yale ya mitumba yalitoka huku huku, na huku wanapata ya bei nafuu kwenye maduka ya hisani (yanayouza vitu watu walivyotoa msaada) au mapya kwenye duka la nguo la Primark, na hapa wanapima wakiwa wanaisikia baridi yenyewe. Waje na sweta moja, soksi nzito, suruali ya kubana ya kuvaa ndani, viatu vya kufunika mguu. Wewe nenda eapoti na makoti mkononi, azima kwa majirani ikibidi, sababu dakika 10 za kwanza nje ya teminali ndo zinawavunja moyo. Baadae mpeleke kila mtu kununua fulana ya joto ya ndani, koti linalozuia maji, kofia, glavu na viatu visivyoteleza wala kupitisha maji. Mtu akishalowa miguu siku yake imeisha. Kuvaa nguo nyepesi nyingi ni bora kuliko sweta moja zito, maana nje ni baridi na ndani ya treni watu wanatoka jasho, inabidi uweze kupunguza. Mwavuli hausaidii sana kwenye upepo ule. Mafuta ya mgando wabebe mengi, ngozi inakauka na midomo inapasuka.

Kuhusu chaja msihangaike, plagi za Uingereza ni zile zile za miguu mitatu ya mraba tunazotumia nyumbani. Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi, sio la kupakia.

Siku ya kufika

Kwanza hakikisheni tarehe. Tiketi ikiandikwa 00:35 tarehe 12 maana yake mtu anatakiwa awe uwanjani usiku wa tarehe 11, na hapa watu wanakosa ndege kila mwaka. Wakati wa baridi London iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Ukiwatumia ratiba andika "saa nane mchana (14:00)", zote mbili, maana mmoja anahesabu kwa Kiswahili na mwingine anasoma tiketi na wote wanajiona wako sawa.

Wawe na anwani ya watakapolala na namba yako kwenye karatasi, sio kwenye simu tu ambayo itakuwa imezima. Afisa wa uhamiaji atauliza wanakaa siku ngapi, wapi, na nani, majibu mafupi ya kweli yanatosha. Mizigo: nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia, samli ya bibi na maziwa ya mgando vibaki. Dagaa wakavu na samaki wa kukausha wanaruhusiwa hadi kilo 20. Miraa ni marufuku Uingereza tangu Juni 2014, ni kosa la dawa za kulevya, asije mjomba akasema ni majani tu. Pesa taslimu kuanzia pauni 10,000 inatangazwa forodhani.

Ndege nyingi zinatua asubuhi na mapema na vyumba vinatolewa saa nane au saa tisa alasiri. Hilo pengo lipangie, ama hoteli ikubali kupokea mapema (omba kwa maandishi), ama waje kwako waoge, wale, walale kwa muda wa saa mbili. Wasipelekwe kutalii na macho mekundu. Kutoka Heathrow laini ya Elizabeth inafika Paddington kwa nusu saa hivi, na mkiwa watu wanne na masanduku manane teksi ya kuagiza mapema inaweza ikawa nafuu kuliko ugomvi.

Kutembea

Sehemu moja ya nje kwa siku, inaanza saa nne asubuhi na kuisha saa tisa kabla giza halijaingia, halafu kitu cha ndani. Ndo hivo tu. Asubuhi Greenwich kwenye mstari wa longitudo sifuri au kutembea kingo za Thames kutoka Westminster, mchana kuingia ndani ya makumbusho. Mengi makubwa ni bure kuingia, British Museum, Natural History Museum lenye mifupa ya nyangumi inayoning'inia ukumbini, Tate Modern, National Gallery, ila baadhi unabukia nafasi onlaini kabla na foleni ya nje kwenye baridi mnaikwepa. London Museum Docklands ina ukumbi kuhusu sukari na utumwa, kwa watu wazima wa kutoka kwetu nadhani ni ya maana kuliko kuangalia walinzi wa Buckingham wakibadilishana mkiwa mmeganda. Kew Gardens ina kiingilio, lakini zile nyumba zake za vioo ndani ni joto la kitropiki, siku ambayo mtu amechoshwa na baridi mpeleke akakae kwenye migomba saa moja atapona.

Usafiri: mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014, kwa hiyo kila mtu anahitaji kadi yake ya benki ya kugusa au Oyster (kadi ya nauli ya London unayoijazia hela), kadi moja haigawanywi na watu wawili. Kadi ya benki ya nyumbani inaweza kukatwa makato ya kubadilisha fedha kila siku, Oyster ni salama zaidi kwa wageni wa muda mrefu. Watoto chini ya miaka 11 wanasafiri bure, na wa 11 hadi 15 mwombe mfanyakazi wa stesheni aweke punguzo la mgeni kijana kwenye Oyster, linakaa hadi siku 14 na watu wengi hawaliulizi. Simu zisishikwe ovyo pembeni ya barabara, kuna vijana wa baiskeli wanazikwapua wakipita.

Afya na kurudi

Bima ya safari msiiruke. Kitengo cha dharura cha hospitali hakilipishi, lakini mgeni akishalazwa analipishwa, kwa kiwango cha asilimia 150 ya gharama ya NHS (huduma ya afya ya serikali ya huku), na bibi mwenye presha au sukari kwenye baridi ni mtu wa kukatiwa bima kweli, huku ukitaja hayo magonjwa kwenye fomu, ukiyaficha bima hailipi. Dawa zake zitoshe siku zote na wiki moja ya ziada, kwenye begi la mkononi, na karatasi ya daktari. Ushauri usio wa dharura piga 111, dharura 999.

Wiki moja ya ziada ya dawa ina sababu: theluji kidogo tu ikianguka viwanja vya London vinachelewesha ndege. Ndege ikiondoka Uingereza, hata kama kosa ni la hali ya hewa na fidia haipo, shirika linatakiwa kuwapa chakula, na kama ni kulala basi hoteli na usafiri wa kufika huko. Wageni wengi hawajui wanalala sakafuni, kwa hiyo siku ya kuwasindikiza usiondoke eapoti hadi wapite ukaguzi, na waambie wasitupe risiti ya chakula watakachojinunulia wakisubiri, watarudishiwa hela baadae. Masanduku pima nyumbani usiku wa kuamkia safari, sio pale kwenye kaunta mbele ya foleni, maana yale makoti ya baridi uliyowanunulia yana uzito na hakuna atakayekubali kuyaacha.